Mwalimu anaenda North Horr: afungue akaunti ya benki gani?

Swali lenyewe kwa ufupi. Mwalimu wa sekondari, ameajiriwa na TSC (tume inayoajiri walimu) juzi tu, kwao ni Kakamega, amepelekwa shule iliyo karibu na North Horr, kaunti ya Marsabit, na anatakiwa kuripoti baada ya wiki mbili. Ana akaunti moja ya zamani kwenye benki ndogo ya Nairobi aliyoifungua akiwa chuo. Anauliza abaki nayo ama afungue nyingine, na kama ni nyingine afungue ya nani, maana ameambiwa huko hakuna benki kabisa. Alafu anataka kumtumia mama yake pesa kila mwezi bila kukatwa ovyo, na anataka aanze kuweka akiba.

Mwalimu, kwanza hongera kwa kazi, na usiogopeshwe na watu wanaokwambia umetupwa jangwani, watu wa huko ni wakarimu na mwalimu anaheshimiwa sana. Nimefanya kazi ya benki upande huo wa kaskazini kwa miaka, kazi yangu ilikuwa kusimamia maejenti, kwa hivyo hili swali lako liko karibu sana na mimi na nitakujibu kwa urefu.

Wengi wakichagua akaunti wanaangalia venye pesa itaingia na itakaa, riba ni ngapi, jina la benki ni kubwa kiasi gani, rafiki anatumia gani. Huko unakoenda anza na upande wa pili, uliza pesa itatokaje. Mshahara utaingia tu, TSC haijali uko North Horr ama Westlands, itatuma kwa akaunti uliyoandikisha na meseji itakufikia. Shida inaanza hapo sasa, manake meseji inasema una pesa lakini ATM ya karibu unayoweza kuitegemea iko Marsabit mjini, karibu kilomita 200, barabara ya kutoka huko inapita Maikona na Kalacha ukingoni mwa jangwa la Chalbi, na mwezi wa nne ama wa kumi na moja mvua ikinyesha ile Chalbi inageuka tope magari yanakwama siku kadhaa. Ile lami nzuri unayoisikia watu wakiisifu ni ya Isiolo kwenda Marsabit mpaka Moyale, haikufikishi North Horr. Kwa hivyo akaunti yenye riba nzuri sana ambayo pesa yake huwezi kuishika mkononi Jumanne jioni unga ukiisha, hio kwa matumizi yako ya kila siku haikusaidii.

Benki kubwa kama KCB, Equity na Co-operative zina matawi Marsabit mjini. Ila wewe hutaishi kwa tawi, utaishi kwa ejenti. Tangu Benki Kuu iruhusu benki kutumia maejenti mwaka 2010, mwenye duka anaweza kupokea pesa na kutoa pesa kwa niaba ya benki, na kwa mtu wa North Horr, Loiyangalani, Illeret ama hata kule Turkana na Mandera, hilo lilibadilisha mambo kuliko tawi lolote lililowahi kufunguliwa. Na hapa kuna historia ndogo ya kujua. Serikali ilipoanza mpango wa kuwapa familia maskini pesa, ule wa Hunger Safety Net, ilianza na kaunti nne za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na pesa ikawa inapitia akaunti za Equity. Sasa ukilipa mama wa kijijini ambaye hajawahi kuona tawi, ni lazima uwe na mtu karibu naye wa kumpa hio pesa, kwa hivyo maejenti wa Equity walisambaa mpaka vijiji ambavyo kwa hesabu ya biashara pekee yake benki isingefika. Ndio maana watu wengi wa huko wana kadi ya Equity, na ndio maana nikikwambia uanze kuulizia huko usidhani nimelipwa kusema hivyo.

Lakini usichague kwa maneno yangu pia. Kabla hujafungua chochote mpigie mwalimu mwenzako aliye kwenye hio shule, mwalimu mkuu atakupa namba, na usimuulize benki gani ni nzuri, manake kila mtu anapenda yake. Muulize ukitoka shuleni kwa miguu, ejenti wa kwanza unayemfikia ana mashine ya benki gani? Wa pili je? Wakikosa keshi wote wawili mnaenda wapi? Na laini gani inashika ndani ya nyumba za walimu? Hayo maswali manne yatakupa jibu bora kuliko bango lolote la benki. Kama jibu ni ejenti wa KCB Mtaani mlangoni pa shule na wa Equity yuko mbali, chukua KCB. Kama ni Co-op Kwa Jirani pekee ndio iko, chukua Co-op. Ukiambiwa ni M-Pesa tu basi chukua benki ambayo inapeleka pesa M-Pesa kwa bei ya chini na bila kusumbua, na huko kwingine kote mambo mengine ni ya pili.

Sasa nikuelezee keshi ya ejenti, juu hapa ndio wageni wengi wanalia wiki ya kwanza. Ejenti ana vitu viwili, floti ambayo ni pesa ya kwa mashine ama kwa simu, na keshi ambayo ni noti za kushika. Ukienda kutoa pesa unampa floti yeye anakupa noti. Nairobi akiishiwa noti anavuka barabara anaingia benki. North Horr akiishiwa noti lazima mtu asafiri nazo kutoka Marsabit, kwa gari la bidhaa ama na mtu anayemwamini, na barabara zenyewe sio salama kila wakati, kwa hivyo noti zilizoko kijijini ni zile zile zinazunguka. Mwisho wa mwezi walimu, manesi, maaskari na wafanyakazi wa kaunti wote wanataka kutoa kwa pamoja. Ile wiki pesa ya Hunger Safety Net inalipwa ni mbaya zaidi, foleni ya akina mama inaanza asubuhi na saa nne hakuna noti tena kwa duka lolote. Hapo hata uwe na laki kwa akaunti utaambiwa rudi kesho.

Cha kufanya ni kujua noti zinaingia lini. Noti zinaingia siku mifugo inauzwa, wanunuzi wanakuja na keshi, wafugaji wanauza mbuzi na ngamia alafu wananunua bidhaa dukani, jioni mwenye duka ana noti nyingi kuliko anavyotaka kulala nazo. Huyo mwenye duka kesho yake anatakiwa kumlipa muuzaji wa jumla wa Marsabit ama wa Isiolo kwa simu, kwa hivyo anatafuta floti. Na wewe mwalimu una floti, mshahara wako wote uko kwa simu. Mnahitajiana. Nenda siku hio ama asubuhi inayofuata, utatoa pesa bila foleni na atafurahi kukuona. Walimu waliokaa huko muda mrefu wanaijua hii ratiba vizuri na hawagusi mshahara ile siku unaingia, wanangoja. Ukiweza kupanga matumizi yako mshahara wa mwezi huu uanze kuugusa wiki ya pili ya mwezi ujao, utakuwa umejiondolea nusu ya usumbufu.

Ya pili, punguza haja ya noti yenyewe. Maduka mengi siku hizi yana tili ya Lipa na M-Pesa, na ukilipa kwa tili wewe mnunuzi hukatwi kitu. Unga, mafuta, sukari, maziwa, lipa kwa tili. Noti baki nazo za boda, za anayekuletea maji, za vitu vya sokoni. Ukiwa na mazoea haya utashangaa keshi unayohitaji kwa mwezi ni kidogo sana.

Na ukitoa, toa kwa mpigo. Hapa watu wanapoteza pesa bila kujua. Kwa ada za M-Pesa za sasa kutoa 2,000 kwa ejenti unakatwa 29, kutoa 20,000 unakatwa 185. Sasa ukitoa 2,000 mara kumi umekatwa 290 kwa pesa ile ile. Ukienda hadi 35,000 ni 197 tu, tofauti na ile ya 20,000 ni shilingi 12. Alafu kumbuka kabla ya hapo benki ilishakukata ya kuhamisha kutoka akaunti kwenda M-Pesa, hio ada iliondolewa wakati wa korona ikarudishwa Januari 2023, kwa hivyo anayehamisha kidogo kidogo kila siku analipa mara mbili kila siku. Ejenti wa benki mara nyingi anatoka nafuu kwa pesa kubwa, kwa sababu unatoa moja kwa moja kwa akaunti bila kupitia M-Pesa. Linganisha kabla hujazoea njia moja. Na ejenti wa benki kisheria hatakiwi kukutoza chochote juu ya ile ada ya benki, ada inakatwa na mashine yenyewe. Wapo wanaoongeza ya mkononi wakisema ni ya usafiri wa keshi. Mimi naelewa gharama yao, lakini hio sio haki, na ukilipa mara moja umeweka bei kwa walimu wote. Kataa kwa adabu, nenda kwa mwingine.

Weka akiba ya noti nyumbani, ya chakula cha kama wiki mbili, isikae mahali pamoja na usimwambie mtu. Sio kwa sababu ya maejenti tu. Netwaki huko ikipotea inaweza kupotea kutwa nzima ama zaidi, mlingoti ukikosa umeme hakuna M-Pesa, hakuna apu, hakuna mashine ya ejenti, kila kitu kinalala. Nunua sola ndogo ya kuchaji simu na uwe na simu ya kabambe ya akiba, ile ya vitufe, manake betri yake inakaa siku nyingi na huduma zote muhimu zinapatikana kwa kupiga namba bila intaneti, M-Pesa ni *334#, Equity ni *247#, KCB ni *522#, Co-op ni *667#. Apu ni nzuri ukiwa Marsabit. Ukiwa nje ya mji na intaneti inayokuja na kwenda, namba fupi ndio zitakuokoa, kwa hivyo benki ambayo huduma zake nyingi ziko kwa apu pekee usiichukue.

Kitu ambacho nitakuomba ukichukulie kwa uzito ni kadi na namba ya siri. Huko kuna mazoea ya zamani, mtu anachukua bidhaa kwa deni na kumwachia mwenye duka kadi yake kama dhamana, pesa ikiingia mwenye duka anajitolea mwenyewe. Akina mama wa Hunger Safety Net wamefanyiwa hivyo sana, na walimu wanafanyiwa na mashailoki, wale wakopeshaji wa mtaani, mtu anakopa elfu kumi anaacha kadi ya ATM na namba ya siri, na baada ya hapo mshahara wake sio wake tena. Usiache kadi kwa mtu hata kama ni rafiki, hata kama ni wiki moja. Ukikosa keshi na mwenye duka anakuamini mwambie akuandike kwa daftari, hakuna aibu, watu wote wa huko wanaishi kwa daftari. Na ukitoa pesa kwa ejenti bonyeza mwenyewe, usimpe simu akusaidie hata kama foleni ni ndefu.

Laini yako pia. Ukipoteza simu Nairobi unaingia duka la Safaricom mchana huo huo unarudishiwa laini. Wewe utahitaji safari. Kwa hivyo sajili simu ya pili kwa jina lako mapema, iwe na laini nyingine kabisa, na namba zote za benki na za mama ziandike kwa karatasi. Benki zinatuma namba za kuthibitisha kwa laini uliyoandikisha, laini ikipotea na akaunti inakufungia mlango hapo hapo. Naona watu wakipuuza hili mpaka siku ngamia anakanyaga simu, na hayo yametokea.

Haya, twende kwa akaunti yenyewe. Mimi ningefanya hivi kama ningekuwa na hizo wiki mbili zako. Ungali Kakamega fungua akaunti ya mshahara kwenye hio benki ambayo mwalimu mwenzako amekuambia ejenti wake yuko karibu na shule. Fungulia tawini na sio kwa simu, ingawa siku hizi unaweza kufungua kwa simu. Sababu ni kwamba unataka kutoka na kadi mkononi, namba ya siri umeiweka, huduma ya simu imewashwa, na alama za vidole zimechukuliwa kama benki inazitumia. Kisha ijaribu pale pale mjini, weka mia tano, itoe kwa ejenti, hamisha mia kwenda M-Pesa. Hitilafu yoyote itokee ukiwa Kakamega ambapo unaweza kurudi kwa dawati wakatengeneza. Ukiigundua North Horr ni safari ya Marsabit kwenda na kurudi, na nauli yake utaijua ukifika.

Ukiwa pale tawini uliza maswali haya na usiondoke bila majibu: kuna ada ya kila mwezi ama naikatwa ninapotumia tu, kutoa kwa ejenti ni ngapi kwa 5,000 na kwa 20,000, kuhamisha kwenda M-Pesa ni ngapi, meseji mnakata, kadi ikipotea mnatoza ngapi na ninaweza kuichukulia tawi la Marsabit. Mhudumu akikuambia ada ni ndogo ndogo tu mwambie akuonyeshe karatasi, kila benki ina karatasi ya ada na ni haki yako kuiona.

Usifunge ile ya zamani bado. Kubadilisha akaunti ya mshahara TSC kunachukua muda, na kama tayari umeandikisha ile ya Nairobi kwenye fomu zako za kuajiriwa basi mshahara wa kwanza unaweza kuingia huko. Iache wazi mpaka uone mshahara umeingia kwa mpya na pesilipu inaonyesha jina la benki mpya. Baada ya hapo ndio uamue. Na mshahara wa kwanza wa mwalimu mpya mara nyingi unachelewa, kwa hivyo nenda na pesa ya kukutosha hata miezi miwili ukiweza, kopa kwa ndugu kama ni lazima, usikope kwa apu.

Hapo kwa mikopo ngoja niseme zaidi. Wiki ile mshahara wako wa kwanza unaingia utaanza kupigiwa simu. Mwalimu wa TSC ndiye mteja benki zinapenda kuliko wote, mshahara haupotei na mkopo unakatwa moja kwa moja kwenye pesilipu kabla hujauona. Sheria inataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na watu wanaichukulia hio theluthi kama lengo, wanakopa mpaka waifikie. Nakusihi kaa mwaka mmoja bila mkopo wowote. Utakuwa unapata marupurupu ya mazingira magumu juu ya mshahara, matumizi ya huko ukiacha chakula na maji ni machache, hakuna baa kila kona wala matatu ya kupanda kila siku, hii ni nafasi ambayo walimu wa Nairobi hawana. Nimeona vijana wanatoka huko na ploti na nimeona wengine wanatoka na deni la gari walilonunua la kukaa kwa mjomba. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, nayo usiiguse, juu pesa yoyote itakayoingia M-Pesa yako inamezwa kwanza na deni, utahamisha ya chakula kutoka benki utakuta imebaki nusu na uko jangwani.

Pesa ya mama ni rahisi. Usiitoe benki kuja M-Pesa yako alafu uitume kwake, hapo unakatwa mara mbili, ile ya benki na ile ya kutuma, ambayo kwa 5,000 ni 57. Tuma moja kwa moja kutoka akaunti ya benki kwenda namba ya mama. Ama kama mama ana akaunti, iagize benki yako itume yenyewe kila tarehe fulani, hio fomu ijaze ukiwa bado Kakamega. Inasaidia sana mwezi ambao netwaki imekataa, mama anapata yake hata kama wewe hupatikani kwa simu wiki nzima, na hana wasiwasi kwamba mambo yameharibika.

Akiba usiiache kwa akaunti ya mshahara, itaisha. Kwa mwalimu mimi napenda sacco kwanza, Mwalimu National ama sacco nyingine iliyosajiliwa na SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, inakatwa kwenye pesilipu kwa hivyo umbali haukuhusu, na baadaye ukitaka mkopo wa kweli wa kujenga unakopa kwa msingi wa akiba yako. Ila jua pesa ya sacco hutoi kesho asubuhi ukitaka, kwa hivyo isiwe ndio pesa yako ya dharura. Ya dharura iweke kwa mfuko wa uwekezaji ule unaochangia kwa M-Pesa na kutoa ndani ya siku chache, hakikisha tu uko kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na jua riba yake inakatwa kodi ya asilimia 15. Na ukishafikisha 50,000 ambayo huihitaji kwa miezi, unaweza kuikopesha serikali kupitia hati za hazina za siku 91, 182 ama 364. Zamani ilibidi upeleke fomu Benki Kuu, tangu 2023 kuna DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa mtandaoni, unafungua na kununua kwa simu. Kwa mtu aliye North Horr hii ni kitu kikubwa sana, unapata bei ile ile anayopata mtu wa Nairobi na hakuna safari.

Utashawishiwa pia kununua mbuzi. Wenyeji wa huko benki yao ya kweli ni mifugo na wanaijua kwa vizazi, lakini hata wao ule ukame wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, uliwaacha wengine bila kitu. Wao wana ukoo wa kuwarudishia mnyama mmoja mmoja. Wewe huna. Nunua mbuzi wa Krismasi.

Hujasema kama wewe ni Muislamu lakini wengi wanaosoma hapa ni, kwa hivyo kwa ufupi: benki zisizo na riba zilianza Kenya 2008, First Community na Gulf African, na hio First Community siku hizi inaitwa Premier baada ya kununuliwa.  Lakini huko Marsabit vijijini kwa wengi itakuwa rahisi zaidi kuuliza KCB wakufungulie akaunti ya Sahl, ambayo inafuata sharia, na bado unatumia maejenti wale wale.

Mwisho, ile benki ndogo ya Nairobi. Benki ndogo haimaanishi mbaya. Lakini mtu anayeishi mbali anasikia habari wa mwisho. Benki ya Imperial ilipofungwa Oktoba 2015 na Chase Aprili 2016 watu waliamka pesa imefungiwa, na aliyekuwa mjini angalau alijua wapi pa kupanga foleni na fomu gani ya kujaza. Bima ya amana ya KDIC inakulinda mpaka 500,000 kwa kila benki, iliongezwa 2020 kutoka 100,000, na hio inahusu benki, sacco haimo. Kwa hivyo ukiwa na chini ya hapo hutapoteza ikianguka, ila utangoja. Na akaunti ikikaa bila kuguswa miaka mitano pesa yake inahamishiwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, unaweza kuidai lakini ni makaratasi. Kama ina ada ya kila mwezi ifunge mara tu mshahara unapohamia, na uombe barua ya kufungwa. Kama haina ada iache kama akaunti ya pili, weka kidogo, na uitumie angalau mara moja kwa muhula ukiwa likizo nyumbani. Mtu wa kaskazini anahitaji njia mbili za kufikia pesa yake, mfumo wa benki moja ukilala siku nzima ile nyingine iwe inafanya kazi.

Ukishampata huyo mwalimu mwenzako kwa simu na akakuambia maejenti walio karibu na shule ni wa benki gani, niandikie majina hayo kabla hujaenda tawini, pamoja na unapanga kutoa takriban ngapi kwa mwezi. Nitakupigia hesabu ya ada za kila moja kwa kiasi chako wewe, ili ukienda Jumatatu kufungua uwe unajua unafungua ya nani.